Kuzinduka

Ulimwengu una ahadi nyingi, na mwanadamu ana masikio mepesi. Ahadi huja kwa sauti tamu, hupokewa kwa moyo mkunjufu, hungojwa kwa subira. Na siku inapodhihirika kuwa haitatimizwa, aliyeahidiwa hupatwa na hali ambayo Kiswahili kimeipa majina mawili. La kwanza ni kuvunjika moyo. La pili ni kuzinduka. Wengi huyatumia majina hayo kana kwamba ni mamoja, lakini tofauti yake ni kubwa. Aliyevunjika moyo ameacha kutaka. Aliyezinduka ameacha kudanganyika, bali kutaka bado anataka. Tofauti hiyo ilipata kuonekana usiku mmoja wa Julai huko Kwai, katika nyumba ya mjomba na mpwa wake, kwa njia ya nyimbo.

Kwai ni kata ya wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara, karibu na msitu wa Magamba. Ni nchi ya ukungu wa asubuhi, ya viazi, kabichi na karoti. Na ni nchi iliyozoea ahadi. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walifanya hapo shamba la serikali la majaribio, wakalima nafaka na viazi na kufuga ng'ombe, kwa taraja kuwa milima hii ingekuwa makao mapya ya wakulima wa Ulaya. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliwaondoa wao na bendera yao. Wakaja Waingereza, na baada ya mwaka 1945 wakaleta Usambara mpango wa kuponya ardhi, ambao uliwalazimisha watu kupiga matuta katika mashamba ya mteremko. Mzigo wa kazi hiyo uliwaelemea zaidi wanawake, chuki ikaenea, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Ukaja uhuru mwaka 1961, na Azimio la Arusha mwaka 1967. Ahadi hizi hazikuwa sawa kwa heshima wala kwa nia, lakini kila moja ilimkuta Msambaa na jembe lake mkononi, na ilipopita ilimwacha nalo.

Mpwa alikuwa kijana wa miaka 27. Alikuwa na shahada ya chuo kikuu, iliyohifadhiwa ndani ya sanduku la bati isipatwe na unyevu, na kwa miaka minne alikuwa ameandika barua za maombi ya kazi hata akachoka kuzihesabu. Sasa alikuwa ameazimia kuuza kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu baba yake, ili alipe ada ya wakala mmoja aliyemwahidi kazi Uarabuni. Mama yake alilia, akasihi, akanyamaza. Mwisho alikwenda kwa kaka yake.

"Kaka," alisema, "zungumza na mpwa wako. Mimi hanisikii tena."

Mjomba alimkuta kijana ameketi karibu na moto, simu mkononi na nyuzi masikioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Unasikiliza nini kila usiku?"

"Nyimbo za Wazungu, mjomba, za zamani. Hutazipenda."

"Zitoe masikioni tuzisikie sote. Sikuja kukuhubiria."

Nyimbo zile zilikuwa za kundi la Kiingereza liitwalo Genesis, katika santuri mbili zilizotolewa pamoja mwaka 1974 kwa jina la The Lamb Lies Down on Broadway. Ni muziki wa roki ya namna iliyoitwa progresivu: vijana wa miaka ile waliona kuwa wimbo wa dakika tatu umewabana, wakaurefusha, wakautia vinanda na mabadiliko ya mwendo, na wakathubutu kusimulia hadithi nzima kwa santuri. Aliyetunga karibu maneno yote ya kazi hii alikuwa mwimbaji wao Peter Gabriel, mtu wa miaka 24.

Kijana alimfasiria mjomba wake kisa kile kwa Kiswahili. Rael, kijana fukara wa New York, anamezwa na mji wake na kujikuta chini ya ardhi. Huko kila kitu kinamwahidi wokovu, na kila wokovu ni mtego. Anafika katika chumba chenye milango 32, ambacho watu wake wote ni washauri, na milango yote isipokuwa mmoja humrudisha mtu palepale. Anakutana na raha, na raha inamwachia maradhi. Anamwomba ndugu yake John msaada, na John anampa kisogo. Mwisho anaona juu yake dirisha la kumrudisha nyumbani. Lakini wakati huohuo John anachukuliwa na maji. Dirisha linafifia. Rael anajitosa majini, anamvuta ndugu yake hadi ukingoni, anamtazama usoni, na uso anaouona ni wake mwenyewe.

Mjomba alisikiliza bila kukatiza. Palipofika wimbo mmoja wa katikati, ambamo mtu wa shamba husifiwa kuwa mwaminifu kuliko mtu wa mji, alicheka mpaka akakohoa.

"Huyo hajauza viazi," alisema. "Dalali wa mjini hutufungia lumbesa, na sisi wa shamba hutia vidogo chini ya gunia na vikubwa juu. Lakini kisa chake ni cha kweli. Hiyo milango 32 naijua. Nami nilikaa humo."

Akaenda kuleta redio yake ya kaseti. Mjomba alishuka mlimani mwaka 1979 kutafuta maisha Dar es Salaam, akawa mpagazi katika soko la Kariakoo. Ilikuwa miaka migumu baada ya vita vya Kagera: sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, na mwaka 1983 operesheni ya Nguvu Kazi iliwakamata mjini watu wasio na kazi ya kutambuliwa na kuwapeleka mashambani. Mji uliokuwa umemwita kijana wa Usambara ulimwuliza sasa anafanya nini pale. Katika miaka hiyo alimsikia Remmy Ongala na bendi ya Super Matimila. Aliporudi Kwai mwaka 1990 alikuwa na godoro, redio na kaseti tatu.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, na akafika Dar es Salaam mwaka 1978. Watu walimwita Daktari, ingawa dawa yake ilikuwa gitaa. Aliimba kifo, umaskini na unyonge, kwa maneno ambayo mchuuzi na kuli waliyaelewa bila mkalimani. Na alipofariki mwaka 2010 jina lake lilikuwa limekwisha kuwa jina la mahali, kwani huko Sinza kituo cha basi huitwa Kwa Remmy. Mjomba aliweka wimbo uitwao Sauti ya Mnyonge. Kaseti ilikuwa imechoka, sauti ikipanda na kushuka kama mtu apandaye mlima, lakini magitaa yalikuwa yaleyale.

"Sikiliza," alisema. "Maneno yanaomboleza, magitaa yanacheza. Wako analalamika peke yake gizani. Huyu analalamika na watu wako uwanjani wanacheza. Mtu aliyekata tamaa hachezi, mpwa wangu."

Kijana alitafuta habari za wimbo ule katika simu yake, na alichokikuta kilimnyamazisha kwa muda. Wimbo wa mjomba ulikuwa katika albamu ya Songs for the Poor Man, iliyotolewa mwaka 1989, nayo ilirekodiwa katika kijiji cha Box, huko Uingereza, katika studio ya Peter Gabriel yuleyule.

Habari hiyo yafaa kuelezwa. Gabriel alimaliza safari ndefu ya kuonyesha kisa cha Rael jukwaani, na mwaka 1975 akajitoa katika Genesis. Sifa aliyoitafuta ilikuwa imempata, naye akaona imekuwa kama chumba kile chenye milango mingi. Hakuacha kuimba. Akashirikiana na wengine kuanzisha tamasha la WOMAD, la muziki wa mataifa yote. Lile la kwanza, mwaka 1982, liliwatia katika madeni mazito, hata wenzake wa zamani wa Genesis wakaungana naye kwa onyesho moja ili yalipwe. Ni kwa njia ya tamasha hilo Remmy na Super Matimila walifika Ulaya mwaka 1988. Hivyo mtu aliyechoshwa na shibe ya sifa alimfungulia mlango mtu aliyeimba njaa ya wanyonge. Kama Gabriel angalivunjika moyo tu, angalikaa kimya. Alizinduka, akajenga nyumba ambayo sauti za wengine zingesikika.

Moto ulipopungua, mjomba aliuliza jambo moja tu.

"Huyo wakala wa Uarabuni, umempima?"

"Nimpimeje, mjomba?"

"Ndiyo hayo. Waliokudanganya jana umewakasirikia hata hulali. Anayekuja kesho unampa shamba la baba yako bila mizani. Hasira yako ni kubwa, lakini haijakufundisha kitu."

Kijana hakujibu.

Alfajiri lori lilikuja kuchukua viazi vya mjomba. Dalali alishuka na magunia yake na kamba, akaanza kujaza kwa lumbesa kama ilivyo desturi, kilemba cha gunia kikipanda juu ya gunia, ingawa sheria imekataza. Kijana, ambaye kwa miezi mingi hakuwa ametoka nje kabla ya jua, alisimama mbele yake akaomba kwa adabu viazi vipimwe kwa kilo. Dalali alimtazama, akamtazama mjomba, akangoja mzee amkaripie mtoto. Mjomba aliangalia ukungu. Dalali akapanda lori lake akaenda shamba la jirani.

Magunia yalikaa barabarani hadi alasiri. Likaja lori jingine, mwenyewe akakubali mizani, akachukua nusu kwa bei isiyopendeza sana. Nusu ya pili ilirudi ghalani.

"Tumepata hasara, mjomba," alisema kijana.

"Tumepata nusu, na hesabu yake tunaijua. Miaka yote nauza, sikupata kuijua."

Usiku ule kijana alimwandikia wakala, akaomba namba ya leseni yake na nakala ya mkataba wa kazi. Jibu halikuja siku hiyo, wala ya pili, wala wiki iliyofuata. Shamba halikuuzwa. Kazi pia haikupatikana, na shahada ingali katika sanduku lake la bati.

Haifai kusema kuwa nyimbo zilimwokoa kijana yule, maana hakuna wimbo unaoajiri mtu. Lakini wimbo wa mtu aliyekosa alichoahidiwa una manufaa yake: humwambia msikilizaji kuwa alichokidai kilikuwa haki yake, na kwamba kosa halikuwa kutumaini. Anayeusikia wimbo kama huo akalala nao, hufika mwisho wa kuvunjika moyo. Anayeusikia akaamka kutafuta mizani, amezinduka. Na ahadi itakayomjia baadaye itamkuta mlangoni, macho wazi, akiuliza uzito wake.