Flashi Uliyoijaza

Morogoro

Mpwa wangu,

Mama yako mguu umepoa, kaanza kwenda shamba.

Kijana wa jirani karudi kutoka Kariakoo na flashi aliyoijaza kibandani kwako, muvi mpya na nyimbo chungu nzima kwa shilingi elfu tatu. Anakusifu. Mimi usiku ule sikupata usingizi.

Najua utasema wimbo ukinakiliwa haupungui, mwenyewe bado anao. Maneno hayo niliyasikia kabla hujazaliwa. Mwaka 1986 nilishuka stendi nikasikia gitaa langu. Kijana ana redio ya deki mbili, huku nyimbo za bendi yetu, huku kaseti tupu. Nikamwambia mpigaji ni mimi. Alifurahi, akanipa kiti, akaninunulia soda, akaita wenzake waje kuniona. Nilipouliza fungu letu akashangaa kwa moyo mweupe: "Kaka, si mlishalipwa mlangoni?" Wiki hiyo mpuliza tarumbeta wetu alikuwa kalazwa, tunachangishana pesa za dawa. Soda ile ndiyo malipo pekee niliyopata kwa kaseti maishani mwangu.

Hakutuchukia yule. Alitupenda, ila hakuona kwamba tunafanya kazi. Angeonaje, ikiwa babu yako mwenyewe aliuita muziki uhuni mpaka anaingia kaburini? Leo mjukuu wake anakula kwa uhuni huohuo, na hajapiga hata uzi mmoja. Alipozikwa mwigizaji Kanumba mwaka 2012, viwanja vya Leaders vilifurika, watu wakazimia kwa kilio. Nilijiuliza ni wangapi pale walioziangalia filamu zake kwa nakala za kuchoma.

Usiniambie wasanii ni matajiri. Unawajua wanne wa kwenye televisheni. Sheria ya sasa ya hakimiliki ipo tangu 1999. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za kubandika kwenye kasha la CD, lakini flashi yako haina kasha. Umebaki wewe na nafsi yako.

Kutengeneza simu unajua, shikilia hiyo. Mama yako mpigie.

Flashi hiyo nimeisikiliza. Wimbo wetu umo, umeandikwa "Zilipendwa 14", bila bendi, bila mtunzi. Mtunzi ni yule mpuliza tarumbeta. Mjane wake yupo Kihonda, anauza mkaa. Ukija sikukuu nitakupeleka, umpe fungu lake kwa mkono wako.

Mjomba wako