Mzigo wa Kadiri: Safari ya Tarime na Mugumu



Wengi huuliza, mtu atokaye Tarime kwenda Mugumu na mbuga ya Serengeti achukue nini? Twaona yafaa kuuliza kwanza: ni nani atakayeuchukua mzigo huo? Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mgeni mwenye masanduku matatu huyaona mepesi, maana hayako kichwani pake. Kijana wa mwenyeji, ayachukuaye toka barabarani hata nyumbani, ndiye ajuaye uzito wake.

Tarime iko juu, karibu na mpaka wa Kenya. Migomba na kahawa hustawi huko, na asubuhi ni baridi. Basi sweta moja nzito si anasa. Ukishuka kuuvuka mto Mara, jua huwa kali, na shati jepesi la mikono mirefu lafaa. Nguo za kubadili mara mbili zatosha, maana sabuni na maji hupatikana. Rangi nazo zina maana: mbung'o huvutwa sana na nguo za buluu na nyeusi, hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Chagua rangi ya udongo. Walakini nguo za mabaka, mfano wa zile za askari, usizivae. Sheria ya nchi yawakataza raia.

Vitu vya lazima ni hivi: dawa utumiazo kila siku, zitoshe safari yote na siku tatu zaidi, kwa kuwa mvua za Machi hata Mei huweza kukuchelewesha njiani, chandarua, kwa ajili ya mbu waletao malaria, taa ndogo, chupa ya maji, kofia, na viatu vilivyokwisha kuzoeana na miguu yako. Mtu aachaye dawa yake ili apate nafasi ya jozi ya tatu ya viatu hakupunguza mzigo. Amewatwika wenyeji ugonjwa wake.

Mifuko ya plastiki usichukue. Imekatazwa Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Kikapu au mfuko wa nguo wafaa. Nao waendao kwa ndege ndogo hata viwanja vya mbugani, kama Kogatende, mara nyingi huruhusiwa kilo 15 tu, katika mkoba laini, si sanduku gumu.

Chakula je? Usifungashe kana kwamba waenda jangwani. Tena mwenyeji akuandaliaye ugali huona haya ukifungua makopo yako mbele yake. Nafasi iliyobaki tia zawadi: sukari, majani ya chai, na sabuni kwa mama wa nyumba. Hivyo mkoba wako utarudi mwepesi kuliko ulivyokwenda.

Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu kwa maelfu huuvuka mto Mara kaskazini mwa mbuga, wakifuata majani na maji, wala hawachukui kitu. Sisi twahitaji zaidi yao, lakini si zaidi sana. Basi, usiku wa kuamkia safari, funga mkoba, uutwae begani, ukaende nao hata kisimani na kurudi. Bega likiuma, punguza. Ila dawa usiitoe.

Safari njema, ndugu zetu.