Karate, judo au ngumi? Hesabu zangu kabla sijatoa hela ya bumu

Najua nimepotea kidogo, ila wiki hizi mbili zilikuwa za majaribio mfululizo, na anayesoma Ualimu anaelewa ninachosema. Nimerudi, na leo tuongelee jambo ambalo bwenini kwetu linajadiliwa karibu kila usiku: mtu anayetaka kujilinda mtaani, hasa msichana, ajifunze mchezo gani?

Mjadala uliwaka baada ya dada mmoja wa ghorofa yetu kupigwa roba saa nne usiku akitoka kujisomea. Simu ikaenda, begi likaenda, na sauti ikamkauka siku tatu kwa jinsi alivyokabwa koo. Tangu hapo kila mtu amekuwa mtaalamu. Kaka mmoja wa Sheria, mwenye mkanda wa kahawia, anasema karate ndiyo mwisho wa maneno. Rumeti wangu, mzaliwa wa Manzese, akamjibu, "Kaka yangu, mwizi wa kwetu hainami kwanza kukusalimia." Teh teh teh! Kaka wa watu alinuna mpaka kesho yake.

Mimi nikaamua kulifanya suala hili kama tunavyofundishwa kuandika andalio la somo. Andalio halianzi na zana, linaanza na lengo. Watu wengi wanaanza na zana: nataka karate kwa sababu nimemwona Bruce Lee (ambaye hata hivyo alikuwa mtu wa kung fu). Tuanze na lengo basi. Katika jiji hili la Dar, ni mambo gani hasa yanaweza kumkuta mtu?

La kwanza ni kukwapuliwa mkoba na mtu aliyepakizwa kwenye pikipiki. La pili ni roba, mkono unatoka nyuma na kuzunguka shingo huku mwenzake anakupekua. La tatu ni kushikwa mkono, kusukumwa au kufungiwa mlango, na mara nyingi anayefanya hivyo si mtu wa gizani, ni mtu unayemfahamu. La nne ni kundi lenye mapanga, kama wale Panya Road waliotisha jiji Septemba 2022.

Hilo la nne nalitoa mapema kwenye hesabu. Hakuna mkanda wa rangi yoyote unaozuia mapanga ya vijana kumi. Hapo ni kutoa wanachotaka, au miguu kama njia ipo. Mwalimu yeyote atakayekuambia vinginevyo, mwambie atangulie yeye.

Sasa tuichukue michezo mmoja mmoja.

Karate ndiyo iliyo rahisi kuipata hapa mjini, na ina historia yake. Miaka ya 1970 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alianza kufundisha mtindo wa goju-ryu Dar es Salaam, na dojo lake la Zanaki likajulikana kama Hekalu la Kujilinda. Angalia jina hilo, lengo limeandikwa mlangoni! Goju-ryu ni mtindo wa kutoka Okinawa, ulioasisiwa na Chojun Miyagi, na ni wa mapigano ya karibu, si wa kurukaruka. Kwa hiyo rumeti wangu hakuwa sahihi kabisa. Lakini ziko klabu ambazo mwaka mzima ni kupiga hewa na kukariri kata, na huko hata mkanda mweusi hautakusaidia sana siku mtu halisi akikushika.

Taekwondo ni nzuri kwa macho, na imekuwa mchezo rasmi wa Olimpiki tangu Sydney 2000. Lakini nguvu yake kubwa ni mateke ya juu. Mimi nikitoka maktaba nimevaa sketi na kandambili, na mvua imenyesha, huyo atakayenyanyua mguu mpaka kwenye sikio la kibaka si mimi.

Ngumi watu huidharau eti haina falsafa. Mimi naiheshimu. Bondia hupigwa ngumi halisi usoni tangu miezi ya mwanzo, kwa hiyo anajifunza kutofumba macho na kutoganda, na kuganda ndiko kunakotuponza wengi. Tena nchi hii ina jina kwenye ngumi: Titus Simba alileta medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, na Hassan Mwakinyo akamsimamisha Sam Eggington Birmingham mwaka 2018 katika raundi ya pili tu. Upungufu wake ni kwamba ngumi haikufundishi la kufanya mtu akishakushika shingo. Ulingoni mkikumbatiana mwamuzi anawatenganisha, na Manzese hakuna mwamuzi.

Ju-jitsu ya Brazili ilishangaza dunia mwaka 1993, pale Royce Gracie, mwembamba kuliko wenzake, alipowashinda watu watatu usiku mmoja huko Denver kwenye UFC ya kwanza. Ni mchezo wa kukaba na kujinasua mkiwa chini. Ukiangushwa na mtu mmoja ndani ya chumba, sijui kama kuna kitu bora zaidi. Ila kwenye lami, wenzake wawili wakiwa wamesimama pembeni, chini si mahali pa kukaa. Krav maga nayo ina sifa kubwa, ilianzia kwa Imi Lichtenfeld aliyewafundisha vijana wa Kiyahudi kujilinda Bratislava miaka ya 1930, lakini mimi sijapata mwalimu wake karibu na chuo, na somo lisilo na mwalimu kwangu ni hadithi.

Imebaki judo, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu mwanzilishi wake ni mtu wa fani yetu. Jigoro Kano alikuwa mfupi na mwembamba, akionewa na wenzake shuleni. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21 tu (umri wetu huu huu jamani!), alifungua dojo lake Tokyo kwenye hekalu, lenye mikeka 12. Baadaye akawa mkuu wa chuo cha ualimu kwa zaidi ya miaka 20. Hata Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule. Walimu tusijidharau!

Kano alifanya nini kipya? Kwenye mazoezi ya kushindana aliondoa mbinu za hatari mno, zile ambazo ukizifanya kweli unamvunja mwenzako, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zao zote, kila mmoja akimkatalia mwenzake, na kesho wakarudi tena wakiwa wazima. Mazoezi hayo huitwa randori. Unaweza kudhani kapunguza makali. Kumbe mbinu kali usiyoweza kuijaribu kwa mtu anayekataa hujui kama unaiweza.

Wanafunzi wenzangu wa Ualimu watanielewa haraka. Kumbukeni yale mazoezi ya kufundishana sisi kwa sisi mbele ya mhadhiri. Mwenzako anajifanya mwanafunzi wa Kidato cha Pili, ananyoosha kidole kwa adabu, anajibu ulichotaka ajibu. Unatoka hapo unajiona Nyerere. Kisha unakwenda TP, unakuta watoto 90 darasani, dirisha halina kioo, na mmoja nyuma anaiga sauti yako. Kata ni ile ya mwanzo. Randori ni TP. Vyote vinafaa, lakini hakuna aliyewahi kuwa mwalimu bila kusimama mbele ya darasa linalokataa kunyamaza.

Kwa hiyo swali "mchezo gani?" mimi naligeuza: katika klabu hii, kuna siku mtu anakushika kweli na hataki ufanikiwe? Kama ipo, hata karate, hata ngumi, utatoka na kitu. Kama haipo, jina la mchezo halitakuokoa.

Sasa tuhame mtaani kidogo tuingie ndani, kwenye lile jambo la tatu. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Wasichana 402 walipewa saa 12 tu za mafunzo ya kujilinda ndani ya wiki 6. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono ndani ya mwaka uliotangulia. Walipofuatiliwa baadaye, ilikuwa asilimia 9.2. Kundi la pili, lililopewa masomo ya stadi za maisha tu, halikubadilika kwa kiasi cha maana. Saa 12! Hazitoshi hata kukufikisha mkanda wa njano. Walichofundishwa mwanzo kabisa ni kuitambua hatari mapema, kusema hapana kwa sauti kubwa bila kucheka kwa aibu, na kukimbia. Kupiga kulikuja mwishoni.

Hapo ndipo niliposimama na kufikiri. Sisi tumelelewa kwamba msichana mwenye adabu hapazi sauti, hasa kwa mjomba, kwa mwalimu, kwa kaka wa kanisani. Kabla ya kujifunza kumwangusha mtu, wengi wetu tunahitaji ruhusa ya kumkatalia.

Na sauti yenyewe ina hatari yake. Dar ukipiga kelele "mwizi!", dakika mbili hazipiti, kuna mawe, kuna tairi. Kijana wa miaka 17 anaweza kufa kwa sababu ya simu yangu, pengine hata siye. Mimi nakwenda kuwa mwalimu, huyo kijana anaweza kuwa mwanafunzi wangu wa mwaka juzi. Kwa hiyo nimejizoeza neno jingine: "Niache!" na "Nisaidieni!" Yanaita watu bila kuwapa hukumu mkononi. Hata sheria ya nchi inasema hivyo kwa namna yake: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujilinda wewe na mwingine, lakini kwa nguvu inayolingana na hali. Ukishajinasua na mtu yuko chini, teke la pili ni lako mwenyewe kulijibu mahakamani.

Uamuzi wangu basi: judo, mara mbili kwa wiki, shilingi 30,000 kwa mwezi kutoka kwenye bumu, ambayo ni chipsi kuku kadhaa nitakazozisahau. Sababu ni za kawaida. Roba ni kabali, na judo ni mchezo wenye kabali ndani yake, watu wanakabana na kujinasua kila wiki. Ngwala na mweleka nilizijua tangu utotoni, sasa nitazijua kwa mpango. Na somo la kwanza kabisa huko ni kuanguka bila kuumia. Fikiria yule wa pikipiki: dawa yake ni kuuachia mkoba, lakini kama kamba imeshakuvuta, atakayekuokoa ni ujuzi wa kuanguka, kidevu kifuani, kichwa kisiguse lami. Isitoshe judo si ngeni kwetu. Unguja Mjapani Tsuyoshi Shimaoka ameifundisha kwa miaka mingi, na Andrew Thomas Mlugu alituwakilisha kwa judo kwenye Olimpiki ya Paris 2024.

Wewe unayetaka kujiunga popote, kabla ya kutoa hela omba kuangalia kipindi kimoja, kisha jiulize:

1. Wanashindana kweli, au wanapeana zamu ya kuanguka?
2. Wasichana wapo, na wanafanya mazoezi na wakubwa kuliko wao?
3. Mwalimu anaheshimu mtu anaposema "basi, naumia"? Kama haheshimu, hapo hapo chukua begi lako uondoke.
4. Utafika na kurudi kabla ya giza? Haina maana kukabwa ukitoka kujifunza kutokukabwa.

Rumeti wangu amekubali tuende wote Jumamosi, ila amesema hainami kwa mtu. Nimemwambia ataenda kuinama, na kabla ya kuinama ataanguka mara hamsini. Kaka wa Sheria bado amenuna, tutamletea maandazi. Haya, niwaache, kesho saa moja asubuhi nina Saikolojia ya Elimu na kitini sijakigusa.