Vitabu vya Mpenda Maua

Ua huchanua asubuhi, na jua likipanda hunyauka. Kitabu chema hakinyauki. Kwa hiyo mtu apendaye maua naye hana kitabu ni kama mtu aliyefika kisimani bila ya mtungi: hunywa papo hapo, lakini hana cha kuchukua nyumbani. Mimi hufundisha katika chuo cha walimu, na mara nyingi wanafunzi wangu huniuliza mpenda maua asome nini. Msomaji mpenzi, nakujibu kama niwajibuvyo wao: soma vitabu vya namna tatu.

Namna ya kwanza ni vitabu vya majina. Hapa kwetu kipo Upland Kenya Wild Flowers cha Andrew Agnew, kilichotolewa kwanza mwaka 1974. Hakisomwi kama hadithi. Shika ua mkononi, kisha ujibu maswali yake: Je, majani yameota mawili mawili yakielekeana, au moja moja yakipishana? Je, petali zimeungana au zimeachana? Kila jibu hukusogeza mbele mpaka ulifikie jina. Siku moja ua dogo la manjano la kando ya njia lilinichukua saa nzima. Lakini katika saa ile nililitazama kuliko nilivyopata kutazama ua lolote maishani.

Namna ya pili ni vitabu vya picha. Joy Adamson, mzaliwa wa Austria, alifika Kenya mwaka 1937. Kabla hajajulikana ulimwenguni kwa kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya simba Elsa, alichora kwa rangi maua ya nchi hii kwa mamia, na picha zake zikapamba vitabu vya bustani. Zitazame uone uvumilivu ni nini.

Namna ya tatu ni hadithi. Mwaka 1850 Alexandre Dumas wa Ufaransa alitoa kisa cha tulipu nyeusi. Kijana wa Uholanzi, mkuzaji wa maua, anasingiziwa na jirani mwenye wivu, anatiwa gerezani. Huko anamfundisha kusoma Rosa, binti wa mlinzi wa gereza. Naye Rosa anampandia ua lake mpaka linachanua. Mmoja alitoa elimu, mwingine akatoa mkono, na ua likapatikana kwa wote wawili.

Lakini iko sababu kubwa zaidi ya kusoma. Mwaka 1892 afisa mmoja Mjerumani katika milima ya Usambara, Walter von Saint Paul, alipeleka kwao ua dogo la zambarau. Mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia, kwa jina lake. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Ndugu yake mmoja huota kwetu, katika msitu wa Mbololo huko Taita, kwenye miamba yenye kivuli. Miti ikikatwa, kivuli huondoka. Kivuli kikiondoka, ua hufa. Ni wangapi kati yetu wanaolijua? Mtu hatetei asichokijua, na asiyesoma habari za kwao husimuliwa na wageni.

Tena jina la afisa limeandikwa. Majina waliyoyatumia wazee wa milima ile yako wapi? Pwani, bibi zetu hutunga asumini kuwa koja, na kwa maua na majani yanukiayo hufunga kikuba cha kuvaa kifuani. Wanajua kilua huchumwa lini na mkadi hutiwa wapi. Elimu hiyo nyingi imo vifuani mwao tu, na kifua hakikai milele.

Basi, msomaji wangu, vitafute vitabu hivyo katika maktaba. Ukimaliza, chukua daftari, uende kwa bibi yako, na kila ua akutajialo liandike: jina lake, mahali liotapo na kazi yake. Kitabu hicho bado hakijatimia, nacho kinakungojea wewe.