Shusha Mikono, Mama Mzee

Mwanangu tulimpa jina la baba yangu, kwa hiyo nyumbani hakuna anayelitaja. Tunamwita Mzee. Alipofikisha miaka 3, Mzee alikuwa hajawahi kukaa hata mara moja. Kichwa kiliangukia kifuani, mgongo ulijikunja, miguu ilipishana kama mkasi. Nikimweka mkekani alikwenda upande polepole, kama gunia la unga lililobaki nusu. Basi sikumweka. Asubuhi nilimfunga mgongoni kwa kitenge, usiku nikamfungua. Nilipika naye, nilifua naye, nilipanga naye mstari siku ya kugawa chakula. Watu wa kambi ya Gasorwe walisema: mama huyu anampenda mtoto wake. Na mimi nilijisifu vilevile, nisidanganye.

Kilichonitoa kambini siyo mgongo wake. Ni uji.

Nilikuwa namlisha amelala mapajani mwangu, uso juu, kama mtoto wa wiki mbili. Uji ulipita njia isiyo yake, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Msimu mmoja wa mvua alilazwa mara tatu kwa kifua. Mara ya tatu muuguzi mmoja akanikalisha chini na kuniambia jina la ugonjwa: mtindio wa ubongo. Kabla ya hapo, sehemu nyingine, niliambiwa mtoto anachelewa tu, atawafikia wenzake. Kwenye chumba cha maombi niliambiwa mengine ambayo sitayaandika. Huyu muuguzi aliuliza swali moja tu: alipozaliwa alilia? Hakulia. Mkunga alihangaika naye muda mrefu ndipo sauti ikatoka. Akanieleza kwamba ubongo uliumia mapema, hautazidi kuumia, lakini pia hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Kilichobaki ni kuufundisha mwili. Akaniandikia karatasi ya kwenda Gitega kwa kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Wenzangu mnajua karatasi ya kutoka kambini inavyopatikana, siwachoshi. Nilipanda Probox ya watu tisa Muyinga mjini, tukapita Karuzi, Mzee amenitapikia begani. Gitega nilifikia mtaa wa Musinzira, kwa dada mmoja wa Uvira tuliyeimba naye kwaya zamani, aliyeolewa na Mrundi. Chumba kimoja, yeye na watoto wanne, na sisi wawili juu. Ilikuwa Juni. Sisi watu wa ziwa hatukuzaliwa kwa baridi ile ya asubuhi. Wiki tatu nilitoka Musinzira na ukungu, Mzee mgongoni, blanketi juu yetu wote wawili.

Siku ya kwanza kine hakumgusa mtoto. Alisema, "Mama, mshike kama unavyomshika siku zote." Nikamkalisha Mzee mapajani, mikono yangu kwapani mwake. Akaangalia, akaangalia. Kisha: "Shusha mikono." Nikaishusha mpaka mbavuni. Mzee akaporomoka mbele, nikamdaka.

"Mureke," akasema. Ni Kirundi: mwache.

Nilimchukia yule kijana. Nilikuja safari yote ile ili mtoto ashikwe vizuri zaidi, yeye ananiambia nimwachilie. Nilipomuuliza kama Mzee atatembea, hakunizungusha. Alisema mtoto mwenye tatizo hili akikaa mwenyewe kabla ya kutimiza miaka 2, mara nyingi hutembea. Akifika miaka 4 bila kukaa, ni mara chache sana. Mzee alikuwa na miaka 3 na miezi miwili. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya kitenge ili asinione. Halafu akaongeza, "Tutafute kukaa kwanza. Aliyekaa anakula bila kupaliwa, anaona watu, mikono yake inapata kazi." Nilikuja kutafuta miguu, nikapewa makalio.

Lakini alichonieleza kuhusu mikono yangu sijakisahau. Mahali unapomshika mtoto, na kote chini ya hapo, mwili unalala, kwa sababu wewe ndiye unayefanya kazi yake. Mwili unafanya kazi juu ya mikono yako tu. Ukimshika kwapani, anayejifunza ni shingo peke yake. Ukimshika mbavuni, shingo na mabega. Ukimshika kiunoni, mgongo karibu wote. Ukifika kwenye nyonga, kiwiliwili kizima kimeamka. Kwa hiyo unaanza pale anapoweza kujitahidi sekunde chache, na baada ya wiki nyingi unashuka upana wa vidole viwili. Ukishuka haraka anaogopa, anakakamaa, hajifunzi kitu. Ukikataa kushuka, hajifunzi vilevile. Miaka 3 yote mikono yangu ilikuwa kwapani. Na kitenge ndicho kilichokuwa mgongo wake. Kine hakukilaani kitenge. Alisema kubeba mgongoni kunatenganisha miguu, ni kuzuri kwa nyonga za mtoto ambaye miguu yake inapishana. Ila si kutwa nzima.

Mazoezi yenyewe, mtu akiyaona kwa mbali atasema wanacheza. Kulala kifudifudi, kitenge kilichokunjwa kama mto chini ya kifua, viwiko mbele, ili kichwa kiinuke. Mbele yake unaweka kitu anachokitaka. Kwa Mzee ilikuwa kopo la maharage makavu, akisikia sauti yake anainua macho, kisha kidevu. Kumgeuza kutoka ubavu huu hadi ule kwa kuongoza nyonga tu, ili mabega yafuate yenyewe. Usimvute kwa mikono kutoka kulala ikiwa kichwa kinabaki nyuma. Mimi nilikuwa namvuta hivyo kila siku, nikidhani namsaidia. Kumkalisha pajani, miguu yake imegusa chini, halafu wewe unainua goti moja kidogo sana na kungoja.

Kungoja ndilo zoezi lenyewe. Hilo lilinishinda kuliko yote. Mwili wa Mzee ulipokea habari polepole: namwinamisha kulia, naona hakuna kitu, hakuna kitu, nahesabu moja mpaka nane, ndipo ubavu wa kushoto unakaza na kichwa kinarudi katikati. Mara nyingi nilikuwa nimeshamrudisha nikiwa kwenye tatu. Kine aligonga meza kwa kalamu: "Umemwibia, Mama Mzee."

Siku ya mwisho alinisimulia habari ambayo nyinyi wasomaji wa jarida hili mtaipenda. Mazoezi ya namna hii, ya kuongoza mwili kwa mikono, yalienezwa na Berta Bobath. Alizaliwa Berlin mwaka 1907, Myahudi, mwalimu wa mazoezi ya viungo. Wanazi walipotawala alikimbilia London, na huko akaolewa na daktari Karel Bobath, naye mkimbizi. Baadaye alipewa kumhudumia mchoraji Simon Elwes, aliyekuwa amepooza upande mmoja. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuufundisha upande mzima ufanye kazi ya pande mbili. Yeye akaushughulikia upande uliopooza. Yeye na mumewe wakaendelea hivyo kwa watoto kama Mzee. Kine hakunificha kwamba mengine waliyofundisha yameachwa, na kwamba siku hizi mkazo ni mtoto afanye mwenyewe kwa kutaka kitu, si kusukumwasukumwa tu. Mimi nilibaki na picha moja kichwani: mwanamke aliyekimbia kwao, lugha si yake, anaweka mikono kwenye mwili wa mtu na kungoja.

Kurudi Gasorwe, shida ikawa mama yangu. Yeye ndiye aliyemlea Mzee pamoja nami, na jina ni la mume wake. Aliponiona nimeshusha mikono mpaka mbavuni na mtoto anayumba, alipiga kelele jirani wakatoka. "Unataka kuua mutoto? Batu ba Gitega njo balikufundisha kumuacha aanguke?" Nilimweleza. Hakujibu. Nilipokwenda kuteka maji alimfunga mgongoni, nikarudi namkuta amelala humo kwenye kitenge.

Hatukuwa na meza wala kiti cha kona kama kule. Nilikuwa na bidoni ya lita 10. Nilitia maji nusu ili isibingirike, nikaifunga blanketi, nikamkalisha Mzee juu yake kama mtu aliyepanda punda, mguu huku na mguu huku, nyayo chini. Miguu ikaacha kupishana. Mimi nyuma yake, mikono ubavuni. Hatukuwa na saa ya mazoezi. Tulifanya uji ukipoa, maharage yakichemka, mvua ikitufungia ndani. Chakula akala amekaa, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kinatoka mbele badala ya juu. Msimu wa mvua uliofuata alikohoa, lakini hakulazwa.

Sitaki mtu adhani tulipanda tu. Mwezi wa nne malaria ilimchukua siku kumi, na alipopona mikono yangu ilirudi juu mpaka karibu na kwapa. Nililia siku hiyo kuliko siku niliyoambiwa habari za kutembea. Kiunoni tulikaa miezi mitano bila kushuka hata kidole. Dada yake ndiye aliyetusaidia, maana Mzee hakuwa na haja na kopo tena, alitaka kile alichoshika dada yake, chochote kile. Alitimiza miaka 4 akiwa anakaa kwa kujishikiza mikono miwili mbele, kama chura, mpaka nihesabu ishirini. Kine alikuwa ameniambia kujishikiza si kukaa kamili. Mimi niliandika kwenye daftari: amekaa.

Juzi nilitoka bombani mapema, maji yalikuwa yamekatika. Mlango ulikuwa wazi. Mama yangu alikuwa chini mkekani, miguu ameinyoosha, na Mzee mbele yake juu ya bidoni. Viganja vya mama vilikuwa kwenye nyonga. Si kwapani, si mbavuni. Dada mtu amepiga magoti upande wa kulia na ndizi iliyoiva, ameiweka mbali kidogo kuliko ambavyo ningeiweka mimi. Mzee aliinama kuelekea ile ndizi, mkono mmoja hewani, akakwama katikati, mwili mzima unatetemeka. Niliweka ndoo chini nimkimbilie.

"Simama palepale," mama akasema bila kugeuka. "Unamuzibia mwanga."