Dele la Pili

Kila mtaa wa Mji wa Kale, Mombasa, una mahali pake pa kahawa, na kila mtaa huapa kwamba pake ndipo. Sisi wa uchochoro wetu hatuapi, twanywa tu. Mwenye mkahawa twamwita Ami, wakubwa kwa wadogo, hata wale ambao kwa umri ingefaa wamwite ndugu. Mna meza nne, mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na miaka, dele la shaba juu ya makaa, na beseni ambamo vikombe visivyo na mkono huoshwa vikigongana. Mlio huo wa vikombe ndio saa yetu ya alasiri.

Wako waulizao wanawake twatafuta nini mkahawani. Swali lina haki yake, kwani baraza la mbele ni la wanaume tangu zamani, nasi hatuna haja nalo. Lakini ubavuni mwa nyumba lipo dirisha linaloelekea uchochoroni, na nyuma yake chumba kidogo chenye pazia. Dirishani huja watoto na chupa za chai, wametumwa na mama zao. Chumbani hukaa sisi, baada ya Sala ya alasiri, tukitoka Marikiti au tukingoja watoto watoke madrasa. Humo ndimo tulimojua nani amejifungua, nani atafuta chumba cha kupanga, na cherehani ya nani inauzwa.

Buni Ami huikaanga mwenyewe mpaka iwe nyeusi, akaitwanga kinuni, akaichemsha kwa tangawizi na iliki. Sukari haitii. Atakaye utamu na atafune kashata au kipande cha halua, kisha apige funda. Tumejaribu kuiga nyumbani, kwa buni ile ile na kinu cha bibi, tukapata kitu kizuri ambacho hakikuwa kahawa ya Ami.

Wazee wa barazani hupenda kukumbushana kwamba huko Yemen, katika karne ya 15, watu wa tarika waliinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Hupenda zaidi kisa cha Makka mwaka 1511, ambapo Khair Beg, aliyekuwa na mamlaka ya mji, aliipiga marufuku, na marufuku yale hayakudumu. Kisa hicho tumekisikia kupitia pazia mara nyingi kiasi kwamba twaweza kukimalizia. Ajabu yetu sisi ni nyingine: kahawa ya Nyeri na Kirinyaga hupitia bandari hii hii kwenda ng'ambo, ikitupita mlangoni.

Lakini tumeshika kalamu kwa ajili ya dele la pili. Hilo ni kubwa, na halionekani ila siku ya msiba. Mtu akifariki mtaani, kabla wanaume hawajarudi kutoka makaburini, dele huwa limekwisha wekwa mlangoni pa wafiwa, pamoja na makaa yake, vikombe vyake na kijana wa kumimina. Siku tatu. Ami hajapata kudai hata shilingi moja. Akifiwa tajiri, huja dele. Akifiwa muuza mihogo, huja lile lile. Nasi tulio ndani na wafiwa tumeona mama aliyekataa chakula tangu alfajiri akipokea kikombe hicho kimoja.

Kahawa ya msiba hulipwa kwa shilingi za dirishani, hakuna hesabu nyingine. Makaa yamepanda, buni imepanda, na bei ya kikombe cha Ami iko pale pale, kwa sababu asema wazee wa barazani hawana pensheni. Lipo daftari la madeni, na karibu nyumba zote za uchochoro zimo, yetu ikiwamo. Kuandikwa si aibu. Mwisho wa mwezi mtu hulipa, jina likakatwa. Yapo majina yasiyokatwa, nayo si ya maskini. Wenyewe twawaona Jumapili katika mikahawa mipya ya Nyali, wakilipia kikombe kimoja chenye povu kwa bei ya chupa nzima ya Ami, wala hawaombi kuandikwa. Povu hatuwaonei wivu. Twashangaa tu jinsi mkono ulivyo mwepesi huko na mzito huku.

Kabla ya Ramadhani iliyopita Ami aliugua, mlango ukafungwa siku 12. Katika siku hizo mtaa ulifiwa na bibi mmoja. Dele halikuja. Kila nyumba ilileta chupa yake, na kahawa haikukosekana, ya ladha kumi mbalimbali. Lakini wanaume waliokaa nje walikuwa wakigeuza macho kila mara kutazama konani.

Aliporudi tulimwuliza juu ya daftari. Akasema, "Mwanangu, asiyeweza nimemsamehe. Anayeweza ajijua." Kisha akatumiminia, akatuandika.

Tumekubaliana, sisi wa chumba cha pazia, kulipa papo kwa papo, na kila mwezi kumpelekea gunia la makaa kwa zamu. La kwanza alilirudisha. La pili tulimpa mkewe.