Wati Zilipokuwa Zinahesabiwa Mbinga

Kijana wa Mbinga anayetaka kuiwekea kompyuta yake kadi ya grafiksi, awe mcheza gemu au mhariri wa video za harusi na kipaimara, akifika dukani huuliza jambo moja tu: pawa saplai ya wati ngapi? Si swali baya, ila limekuja peke yake. Haulizi umeme wa kwao unashuka hadi volti ngapi saa moja jioni, wala wati anazouziwa zinapita kwenye waya upi. Akijibiwa “mia tano”, analipa na kuondoka. Ukitaka kujua kwa nini kizazi kinachojua majina ya kadi zote kwa moyo hakijui chakula cha kadi hizo, itabidi urudi nyuma kidogo. Naona gridi ya taifa, pamoja na neema zake zote, ilitufundisha kusahau hesabu ambayo zamani hata asiyesoma aliijua.

Enzi za mashine za dizeli za TANESCO, Mbinga ilikuwa kisiwa. Umeme wake ulisafiri barabarani ndani ya tangi la lori kutoka Makambako, na mvua ikiharibu njia, giza lilijulikana limetoka wapi. Nje ya nyaya hizo chache, kila mtu alikuwa TANESCO yake mwenyewe. Mvuvi wa usipa wa Liuli na Mbamba Bay alijua karabai moja inakula mafuta kiasi gani mpaka alfajiri. Mwenye kibanda cha video alijua jenereta lake dogo linabeba televisheni, deki na spika, na kwamba akiongeza pasi ya jirani picha itasinyaa na wateja watadai pesa yao. Hakuna aliyeita hesabu hiyo elimu. Ilikuwa ni kulinda mfuko.

Mwalimu mkuu wa elimu hiyo alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilinukia mchanganyiko ambao bado unatambulika popote: utomvu unaoungua kwenye ncha ya pasi ya kulehemu, vumbi la moto, na ule uchachu wa kapasita iliyopasuka. Juu ya meza palining'inia balbu ya wati 60 au 100, ambayo haikuwa ya kumulikia. Umeme ulipita kwanza kwenye balbu, ndipo uingie kwenye chombo kinachopimwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Ikimweka mara moja kisha ikafifia, kapasita zimejaa na chombo kiko salama. Kompyuta zilipoanza kuonekana wilayani, marufuku ya 1974 ya kuziingiza nchini ikiwa imeshalegezwa, pawa saplai zake ziliishia kwa huyuhuyu. Nyingi zililetwa kwa kosa lilelile: nyuma yake palikuwa na swichi nyekundu ya 115 na 230, na mtu akiiacha kwenye 115 kisha akachomeka ukutani, mlio mmoja ulimaliza biashara. Fundi hakusoma namba kubwa ya kwenye lebo. Aliipima kwanza kwa mkono, kwa kuwa nyepesi kupita kiasi haina chuma cha kupoza wala koili za kutosha, kisha akafungua na kutazama mahali pa kichujio. Ya bei rahisi ilikuwa na matundu matupu, au kipande cha waya pale ambapo palitakiwa kukaa koili.

Wakati huo makosa ya kuhesabu wati yalisameheka. Mfumo wa ATX ulipoletwa na Intel mwaka 1995, kazi kubwa ya kompyuta ilibebwa na volti 5 na 3.3. Pentium 4 ya mwaka 2000 ndiyo iliyohamishia mzigo kwenye volti 12, na kadi za grafiksi zikafuata huko. Leo nafasi ya PCI Express kwenye bodi inaipa kadi wati 75 tu. Kiunganishi cha pini 6 kinaongeza 75 nyingine, cha pini 8 kinaongeza 150, na karibu zote ni za volti 12. Kwa hiyo namba ya kutafuta kwenye lebo ni ampea za volti 12. Ikiandikwa ampea 18, hizo ni wati 216, hata kama juu yake imechapwa “500W” kwa herufi nono. Kadi ya RTX 3060 peke yake hula wati 170. Ongeza prosesa ya wati 65, umeshafika 235, na diski, feni na bodi bado hazijadai chao. Kompyuta za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya, ambazo ndizo zilizojaa kwetu, zina tatizo lake pia. Dell OptiPlex 7010 ndefu ina pawa saplai ya wati 275 na plagi ya kawaida ya pini 24, lakini 9020 ina plagi yake ya pini 8 kwenye bodi, hivyo pawa saplai ya dukani haiingii bila waya wa kugeuzia. Muuzaji mwaminifu huuliza modeli kabla ya kupokea hela.

Watakaopinga watasema hayo ni ya zama za dizeli. Kweli, mtambo wa Tulila wa masista wa Chipole na ule mdogo wa Mbangamao ulianza kuipunguzia dizeli mzigo, kisha njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikafika Songea mwaka 2018. Wengine watakwambia 2019, ilipozinduliwa rasmi. Tuache ubishi wa tarehe. Gridi imeleta umeme mwingi, lakini haikufupisha nguzo. Nyumba iliyo mwisho wa laini, jirani na mashine ya kusaga, bado huona taa zikizama motor inapoanza. Na hapo ndipo pawa saplai mbili zenye wati sawa zinapotengana. Kapasita zake kubwa ni kama ngolo, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo: zinashika kilichopatikana ili kisipotee mara moja, na kompyuta inaishi kwa hicho mpaka wimbi linalofuata. Kwa miaka mingi mwongozo wa ATX ulitaka pawa saplai ihimili pengo lisilopungua milisekunde 16. Kwenye pawa saplai ya zamani yenye swichi nyekundu, akiba hiyo inategemea mraba wa volti zinazoingia, kwa hiyo umeme ukishuka kutoka 230 hadi 190, karibu theluthi moja imekwisha kabla kadi haijaanza kudai. Ile iliyoandikwa 100–240V, yenye saketi inayopandisha umeme kwanza, hujaza kapasita zake hadi karibu volti 380, uingie mwingi au mdogo. Sasa kompyuta inayozima katikati ya gemu utaambiwa ina virusi. Vijana wanaipiga windows upya mara tatu, na mashine ya kusaga inaendelea na kazi yake.

Wapo wanaosema nunua stabilaiza, yaishe. Stabilaiza ya kawaida hubadili ngazi kwa relei, na kila relei inaporuka huacha pengo dogo ambalo ni pawa saplai hiyohiyo inayotakiwa kulivuka. UPS ndogo ya 650VA mara nyingi haitoi hata wati 400. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la bei: pawa saplai nzuri inaweza kukaribia bei ya kadi ya mtumba yenyewe, na pesa ya kahawa huja kwa msimu. Hapo nakubali, ila jibu lake si kununua mia tano ya uongo. Matoleo mengi ya GTX 1050 Ti na ya GTX 1650 hayazidi wati 75, hayadai plagi ya ziada, na kwa video za kipaimara yanatosha sana.

Jambo la mwisho linawahusu zaidi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Juu Mbinga mjini, Juni na Julai, kompyuta inapoa hata usipotaka. Chini ufukweni joto ni jingine kabisa, na wati za kwenye lebo zina joto lake: watengenezaji makini hupima nyuzi 40 au 50, wa bei rahisi hupima 25 au hawasemi kitu. Pawa saplai iliyotosha nyumbani kwa shangazi Mbinga inaweza kushindwa kwa mjomba ziwani, kadi ni ileile na gemu ni lilelile. Kama boksi halitaji nyuzi, mtu wa ufukweni na abaki na kadi ya wati 75.